Nilimkimbia Baba Mkwe kwa Makusudi, Injini Ikanipasukia

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kwa sababu nikianza kumtaja wifi yangu hasira itanipanda na nitasahau kwamba hapa nimekuja kujisema mimi.

Maana yule mwanamke! Jamani!

Mimi ni mke wa mtu huku Makwale, Kyela. Mume wangu anafanya kazi kwenye boti ya mizigo, na akishatoka bandari ya Itungi simu yake haipatikani mpaka arudi. Kwa hiyo mashine yetu ya kukoboa mpunga niliiendesha na dada yake, huyo wifi. Tulikula sahani moja, tulisukana nywele, mpaka wageni wakadhani tumezaliwa tumbo moja.

Siku moja, zamu ikiwa yake, aliiendesha injini bila oili mpaka silinda moja ikapasuka. Badala ya kuomba radhi, akasambaza maneno sokoni kwamba ninawapunja wateja na kuwafichia mchele wao. Mimi! Haukupita muda akafungua mashine yake ng'ambo ya barabara, injini ya aina ile ile. Akaondoka na mzani, mikanda na wateja. Akaniachia banda na injini mbovu.

Nikaapa. Sikuapa kuitengeneza ili nile, hapana. Niliapa kuitengeneza ili yeye akae mlangoni kwake apige miayo msimu mzima wa mavuno.

Injini ile ina silinda mbili, kila moja imesimama peke yake, ikiharibika moja unabadilisha hiyo tu. Nikauza kakao yangu yote, nikavuka mto Songwe kwenda upande wa Malawi, nikapata silinda kwa muuza vyuma chakavu. Nikarudi nayo kwenye bodaboda nimeipakata mapajani, huku nacheka peke yangu.

Fundi wangu, nimwite Ambakisye, aliigeuzageuza akakunja uso.

"Mama, hii ni ya miaka ya nyuma. Yako iliyobaki ni ya toleo la baadaye. Naona zinapishana urefu."

"Zinapishana kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama unene wa ukucha."

"Basi ongeza gasketi. Jumamosi nataka isikike mpaka barabarani!"

Sasa niwaeleze jambo, ninyi msio wa huku. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Ukimwona anakuja unaacha njia. Hamsalimiani, hamzungumzi, hata jina lake hulitaji. Ni heshima. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini ukoo wa mume wangu wameishika hasa. Mzee akiwa na neno kwangu anampa mtu alilete. Mama mkwe alishafariki, mume yuko majini, kwa hiyo amebaki mtu mmoja tu wa kuleta maneno. Wifi!

Na huyo mzee alifanya kazi kwenye chumba cha injini, kwenye meli za ziwa, mpaka akastaafu. Siku ile alipita barabarani akaziona silinda zangu zimelazwa juu ya gunia. Jioni wifi akaingia uani kwangu.

"Baba anasema usizifunge hizo. Ni za miaka tofauti. Moja fupi, pistoni itagonga juu, injini itavunjika."

"Baba anasema, au wewe unasema?"

"Wifi, mimi nimetumwa."

"Mwambie aliyekutuma nimesikia, ndaga, asante. Na wewe rudi ukawaangalie wateja wako vizuri, maana Jumamosi hutawaona!"

Hapa ndipo roho inaponiuma. Nilijua ni kweli! Fundi alishasema, na sasa mzee amesema. Lakini ukweli wenyewe uliletwa na mdomo ule ule ulionitangaza sokoni. Nikaona heri injini ife kuliko yeye aje aseme ndiye aliyeniokoa.

Kesho yake asubuhi, Ambakisye akiwa ameanza kazi, nikasikia mtu anakohoa njiani, na kengele ya baiskeli. Mzee! Alikuwa anakuja mwenyewe, polepole, anakohoa ili nipate nafasi ya kujiondoa. Ndivyo inavyofanywa. Mkamwana anaingia ndani, mzee anamwambia fundi lake, anaondoka, heshima inabaki.

Mimi sikuingia ndani. Nilijitupa chini katikati ya uwanja, nikajifunika khanga kichwani, nikapiga kelele: "Jamani nijifiche wapi! Baba mkwe ananijia! Heshima imekwenda wapi!"

Majirani wakatoka. Mzee akasimama pale pale. Nikasikia anaigeuza baiskeli, na kerea ya nyuma inalia kwa mzigo mzito. Sikutazama ni mzigo gani. Mkamwana mwenye adabu hatazami! Nikacheka chini ya khanga, Mungu anisamehe.

"Mama," Ambakisye akasema, "yule mzee amezeekea kwenye injini. Tungemsikiliza."

"Wewe unafanya kazi ya nani? Yangu au yake?"

Akashika spana, akafunga.

Nikakodi bodaboda yenye spika ikazunguka mpaka Ngana. Njooni Jumamosi, gunia la kwanza bure! Na watu walikuja, wanawake na magunia yao, uwanja ukajaa. Ng'ambo ya barabara wifi amekaa kwenye kigoda peke yake. Nikampungia mkono. Nawaambia ukweli, ule mkono niliompungia ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye injini ile.

Iliwaka. Ikakoboa. Halafu ikaanza kugonga ndani, ko, ko, ko. Ambakisye akanitazama.

"Tuzime, mama."

"Haizimwi! Yule anatuangalia!"

Mlio uliofuata bado ninao masikioni. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, ilikatika ikatoboa ubavu wa injini. Kipande cha chuma kikapita pale pale alipokuwa amekaa mama mmoja na mtoto mgongoni, kikatoboa ukuta wa bati. Alikuwa ameinuka punde tu kumsaidia mwenzake kushusha gunia! Oili nyeusi ikarukia mchele wa watu. Mtoto akalia, na mimi nikalia kuliko yeye.

Mchele ulioharibika niliulipa kutoka ghalani kwangu. Kwenye injini sasa wanalala kuku. Mawingu yakatanda, mpunga wangu uliobaki bado una maganda, na mashine ya karibu ni moja. Mnaijua. Nikajitwika gunia, nikavuka barabara, nikapanga foleni na wale wale niliowaita kwangu bure.

Mlango wa wifi ulikuwa umezuiwa na silinda usijifunge. Safi, imepakwa grisi, ya toleo la baadaye. Pacha wa ile yangu iliyokuwa imebaki nzima!

Wifi akaona ninavyoikodolea macho. Hakucheka. Angecheka ningemrukia.

"Ya baba hiyo. Aliiomba jioni ile ile aliyonituma kwako, kwa mzee mwenzake wa Itungi. Alikuletea kwenye baiskeli, ukamkimbia. Akaniambia niitunze. Sina pa kuiweka."

Mwongo! Ana stoo nzima nyuma! Aliiweka mlangoni ili kila nikiingia nijigonge nayo. Niliburuta gunia langu nikaipita. Siku yake inakuja, wallahi itakuja... Samahani. Nilisema nimekuja kujisema mimi.

Mume wangu aliporudi nilimwomba anipelekee radhi kwa baba yake. Akakataa. "Neno la baba ulilikataa kwa dada yangu," akasema. "Radhi zako nazo zipite kwa dada yangu."

Nimefika mlangoni kwa wifi na radhi zangu mdomoni, nikaiona ile silinda, nikageuka nikarudi nyumbani. Si mara moja.

Ninyi mnaosoma, mkiletewa la kweli na mtu msiyempenda, lipokeeni kwanza. Kumchukia mtaendelea kesho, nafasi ipo. Na heshima ya wazee msiifanye fimbo ya kuwapigia wazee wenyewe. Mimi nilimwaibisha mtu aliyenibebea msaada mgongoni mwa baiskeli, kisa ugomvi na mtu mwingine kabisa.

Baba, najua huwa unasomewa ukurasa huu, maana macho yako hayaoni tena maandishi madogo. Nisamehe. Niliisikia kerea ikilia. Ningeinua khanga kidogo tu ningeona ulichokibeba.

Na najua anayekusomea ni nani. Wifi, soma kwa sauti, usiruke hapa: nimekosa, na nimekutuma wewe.