Kilima Kwenye Karatasi

Tangu Mama Kiputo aondoke, maabara ya maji imepungukiwa na mlio mmoja: ukucha ukigonga kioo. Wenzake wanasema hawakuwa wakiusikia mpaka ulipokoma.

Alijaza kichupa hadi maji yavimbe mdomoni, akafunga kizibo, akakipindua, akakigonga huku amekiinua dirishani. Kikionekana kiputo hata cha ukubwa wa kichwa cha sindano, alimwaga akaanza upya. Dawa aliyoitafuta ni ya viwandani, ya kutoa grisi. Ukiinywa miaka mingi huleta saratani. Majini huioni wala huionji, na ni mtoro: ikipata hewa kidogo tu inahamia humo, nawe unabaki na maji yanayosema uongo. Ndiyo maana walimwita Mama Kiputo.

Mumewe alikuwa dobi wa suti, wa wale wanaofua kwa dawa badala ya maji. Dawa ni hiyo hiyo. Kila mkewe alipokaribia siku ya kuchukua sampuli, mume alioga dukani kwake na kuacha nguo zake huko huko.

"Wenzangu wanaogopa kunuswa harufu ya mwanamke mwingine," alizoea kutania. "Mimi nanuswa suti!"

Kisha likaja jibu la kisima cha mtaa anakoishi dada yake mkubwa. Maji yakiwa safi, mashine huchora mstari uliolala. Safari hii mstari uliinuka, ukafanya kilima, ukashuka. Mkuu wa maabara, mama aliyemfundisha kazi, alimvuta pembeni.

"Usinielewe vibaya, mwanangu. Mzee wako anashinda na hii dawa."

"Dukani, mama. Si nyumbani."

"Na nywele zako zinalala wapi?"

Kama kilima kilitoka kwenye nywele zake, mtaa mzima ungefungiwa kisima chake cha pekee kwa kosa lake. Kama kilitoka ardhini, dada yake na wajukuu wake walikuwa wakinywa saratani kwa vikombe.

Alihamia kwa dada yake na nguo mpya kwenye mfuko.

"Umefukuzwa?" dada akauliza mlangoni.

"Nimekuja kulala tu."

"Shemeji kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, dada. Ndicho ninachotaka kuhakikisha. Na kwa sasa nunueni maji ya chupa, tafadhali. Usiniulize."

Dada akamtazama, akamwaga chai yote iliyokuwa vikombeni.

Alipokwenda tena kisimani, alibeba na kichupa cha pili, chenye maji safi yaliyojazwa na mwenzake maabara. Alikifungua pale pale kando ya bomba, ili hewa inayomzunguka iingie humo, akakifunga. Kama dawa ilitoka mwilini mwake, vichupa vyote viwili vingeisema.

Mumewe alikuja siku ya majibu. Alisimama ng'ambo ya barabara, hakuthubutu kusogea getini.

Ndani, kichupa safi kilipitishwa kwanza. Mstari ulilala kama mtoto. Kikafuata cha kisima, na kilima kikainuka taratibu, kimo kile kile.

"Tone moja," mkuu alinong'ona hatimaye, "ndani ya tangi la lita elfu. Na limejitokeza."

Mama Kiputo aliigusa karatasi kwa ncha ya kidole. Kitu kisicho na rangi wala sauti kilikuwa kimesimama mbele yake.

Akatoka mbio. "Si wewe!"

Dobi akakaa chini ukingoni mwa barabara, akajifuta uso kwa mikono yote miwili. "Basi ni nani?"

Wachimbaji waliotumwa kuifuata dawa ardhini ndio waliojibu. Nyuma ya kiwanda cha vyuma, mbali kule juu mlimani, palimwagwa dawa hiyo wakati Mama Kiputo hajazaliwa. Miaka yote hiyo ilikuwa ikitembea gizani, ikipenya mwamba ufa kwa ufa, polepole kuliko chochote kinachotembea, kuelekea birika la dada yake.

Kisima kilifungwa jioni ile ile. Kilipofunguliwa tena kilikuwa na mnara unaopuliza hewa ndani ya maji hadi dawa itoke. Mpimaji wa mtambo huo sasa ni Mama Kiputo; ameihama maabara, na ofisi yake ni chumba cha bati kando ya mnara.