Sifuri za Diski ya Hospitali

Binti yangu wa mwisho anaitwa Kwanini hata na majirani wasiojua jina lake la cheti. Alipokuwa mdogo, humtumi chumvi mpaka umweleze ya jana imekwenda wapi. Leo ni fundi wa kompyuta hospitalini, na mimi, niliyeishia darasa la saba na kusoma mita za maji miaka thelathini na mmoja, nataka kusimulia kazi yake moja. Nikikosea, kosa ni langu, si lake.

Programu ya mafaili ya wagonjwa aliiandika yeye. Miaka mitatu, mpaka macho yakaomba miwani. Karani wa mapokezi anaandika namba ya kadi, faili linafunguka. Mwaka huu wagonjwa wameongezeka, na programu ikaanza kuzubaa. Ikifika saa nne asubuhi, foleni iko mlangoni na faili moja linachukua dakika nzima. Mkuu wa ofisi akachoka. Akatangaza kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata programu inang'olewa, inaletwa ya kununua.

"Bosi, programu haina kosa," binti yangu akamwambia. "Diski imeelemewa." Diski ndiyo ghala la mashine, mafaili yote yamelala humo.

"Imeelemewa?" Mkuu akamgeuzia skrini. "Soma mwenyewe, dada. Imesoma mara ngapi? Sifuri. Imeandika? Sifuri. Hiyo diski iko likizo!"

Ofisi nzima ikacheka. Hata karani, rafiki yake, alicheka; alikuja kunikiria mwenyewe.

Jioni ile akaja kwangu, akakaa kwenye ngazi, viatu miguuni. Chai niliyomtengea ikapoa.

"Baba, taa ya ile diski haipumziki asubuhi nzima. Nikiishika inatetemeka. Halafu mashine inasema sifuri."

"Labda mashine inakuonea."

"Baba!"

"Haya, nimenyamaza."

Sikunyamaza. Nikamkumbusha daftari letu la mita. Nyumba isiyotumia maji tuliiandikia sifuri. Nyumba tuliyoshindwa kuingia, geti limefungwa au mbwa mkali, tuliiandikia kistari. Mwenzetu mmoja mgeni aliwaogopa mbwa wa mtaa mzima akajaza sifuri tupu, na huku nguo zimeanikwa kila ua, zinachuruzika maji. Nilidhani atacheka.

"Kwamba hizo sifuri zilipaswa kuwa vistari nimeliona tangu mchana, Baba," akasema. "Ninachotafuta ni nani anayeandika hizo sifuri."

Akaondoka. Ndivyo alivyo.

Siku tatu alisoma kile wanachokiita kiini, yaani programu mama inayogawa kazi zote ndani ya kompyuta. Kila ombi la kwenda kwenye diski hupita hapo, nacho hutia alama: moja, mbili, tatu. Akaona kwamba maombi ya diski za aina ile yanapitishwa njia ya mkato ili yawahi, na kwenye njia hiyo hakuna aliyekumbuka kuweka wa kutia alama. Kazi inapita, hesabu inabaki pale pale ilipoanzia. Akaandika mistari tisa ya kuhesabu. Akaijaribu kwanza kwenye mashine kuukuu chini ya meza yake, kisha akaomba ruhusa aiweke kwenye mashine kubwa Jumapili mchana, mapokezi yakiwa yamefungwa.

"Weka," mkuu akasema. "Hata marehemu huogeshwa."

Jumapili nilimsindikiza. Alipoizima mashine, skrini ikawa nyeusi, na mimi nikashika meza kama ndiyo inayoanguka. Yeye alikuwa anamenya chungwa. Ikawaka.

Jumatatu alimwita mkuu asimame nyuma ya kiti chake. Saa nne ikafika. Namba zikapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Katika kila dakika mia, diski ilikuwa kazini tisini na tisa, na maombi yamejipanga nyuma yake kama wagonjwa wenyewe. Programu yake yeye ilikuwa imekaa tu, inasubiri.

Mkuu akakohoa. "Kumbe haikuwa likizo."

"Haijawahi kupewa hata siku moja, bosi."

Ofisi ikacheka tena, safari hii mkuu naye ndani. Ijumaa haikung'olewa programu. Zilifungwa diski mbili zaidi zisaidiane mzigo, na sasa faili linafunguka kabla mgonjwa hajakaa.

Ile mistari tisa aliwapelekea watunzaji wa kiini, watu wa mbali asiowahi kuwaona. Wakabishana naye wiki mbili, wakamrudisha aandike upya mitatu, wakaikubali. Kwenye orodha ya waliotengeneza jina lake limo, na langu nyuma yake, maana ndilo analotumia. Nimeomba nichapiwe karatasi. Kinyozi wangu ameshaisoma mara nne.

"Mzee, tulia, nitakukata sikio," aliniambia juzi.

"Weka wembe chini," nikamjibu. "Soma tena pale kwenye jina."