Majina Matatu Niliyoyafuta

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na yote yalianza na raba. Usicheke. Raba ile ile ya darasani, ya kufutia penseli.

Nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Busia, shule niliishia darasa la nne. Shangazi alinitafutia kazi Tororo, kwenye nyumba ya vitabu ya misheni. Nilifagia, nikapangusa vumbi, nikamchemshia chai Mwalimu Othieno. Huyu alikuwa mzee mkavu kama muhogo ulioanikwa, na kazi yake ilikuwa kuorodhesha vitabu vya zamani. Mimi nilidhani kuorodhesha ni kuandika jina la kitabu, basi. Kumbe mzee anaweza kukaa na kijitabu kimoja kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Anahesabu karatasi moja moja, anapima kwa rula, na kila anachokiona anakiandika kwenye kadi ngumu, hata doa la mafuta ya taa. Nilimwona kama mtu aliyekosa kazi.

Na mimi nililelewa na mama asiyevumilia uchafu. Jumatano moja Mwalimu alikwenda Malaba kumwona mgonjwa, akaacha mezani kijitabu cha kujifunzia kusoma. Alikuwa ameniambia kilipigwa chapa kabla reli haijafika kwetu, na kwamba hajawahi kuona kingine kama hicho. Nikakifungua. Ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa na chapa, ulikuwa umechorwachorwa kwa penseli, herufi zimelala huku na huku kama kuku wamepita. Nikasema, hawa watoto wa zamani nao hawakuwa na adabu. Nikachukua raba, nikafuta taratibu nisichane. Karatasi ikabaki nyeupe. Nikapuliza makombo, nikajisifu.

Kesho yake asubuhi akaja mama mzee kutoka Paya, kwa miguu, viatu ameshika mkononi visichakae. Hakukubali chai.

"Nasikia iko kitabu hapa ya mamangu, Nyachwo," alisema. "Alikufa mimi niko bado kwa mgongo. Picha hakuna. Wanasema aliandika jina yake ndani. Mimi sijui kusoma, lakini nataka kuona vile mkono yake ilikuwa inatembea."

Mwalimu akatabasamu, jambo ambalo sikulizoea. "Iko, mama. Niliona wiki jana. Majina ni matatu, la mama yako liko katikati. Nilitaka kuyaandika leo kwenye kadi."

Akafungua mwisho. Akarudi nyuma, akahesabu karatasi kwa kidole. Kisha akanitazama.

"Nabwire. Nani ameshika hii kitabu?"

"Ni mimi, Mwalimu. Ilikuwa chafu, nikasafisha."

"Ukasafisha."

"Ndiyo, Mwalimu. Hata sikuichana."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Hizi herufi za mashine zilitoka nyingi, zote sawa," alisema. "Ulichofuta kilikuwa kimoja tu duniani. Mama ametoka Paya kukiona. Mwambie wewe mwenyewe."

Nikamwambia. Hakulia yule mama. Aliuliza tu, "Imeisha yote?" 

Mwalimu akachukua kitabu akaenda dirishani. Akafunga dirisha, akaacha upenyo, mwanga ukaingia kwa ubavu. Akainua ile karatasi mpaka mwanga ukapita juu yake kama mtu anayepapasa. Akatuita.

Mwanangu, nikasogea karibu. Karatasi niliyoiacha nyeupe ilikuwa na mifereji midogo, ikionekana kama matuta ya viazi asubuhi, jua likiwa bado chini. Rangi ya penseli nilikuwa nimeiondoa, lakini mkono ulikuwa umekandamiza, na karatasi ilikuwa imeushika. Herufi ikatoka, nyingine ikaifuata. Nilizisoma mimi mwenyewe kwa sauti, mtoto wa darasa la nne, mpaka jina la Nyachwo likaisha. Nilijiona kama mtu aliyeingia kanisani ibada ikiendelea, na miguu ina matope.

"Shika kidole yangu," mama akaniambia. Nikakishika, nikakipitisha polepole juu ya mifereji ile, huku nikimtajia kila herufi. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Mara tatu. Kisha akacheka kidogo.

"Huyu alikuwa na mkono nzito. Ndiyo maana mimi navunja sahani."

Jina la kwanza nalo lilitoka. La tatu halikutoka. Mwenyewe alikuwa na mkono mwepesi, na mimi nilikuwa nimefuta vizuri. Tuligeuza karatasi ile mpaka saa sita, hakuna kitu, na Mwalimu hakuwa amelishika kichwani.

Mama alipoondoka, Mwalimu akanipa kadi na kalamu. "Andika."

"Mwalimu, mwandiko wangu ni mbaya."

"Wa Nyachwo ulikuwa mzuri?"

Nikaandika alivyonitajia: majina matatu kwa penseli, yamefutwa, mawili yanasomeka kwa mwanga wa ubavu, la tatu halisomeki. Nikaweka kalamu chini.

"Yamefutwa na nani?" akauliza. "Atakayesoma kesho atataka kujua."

Nikaandika: Nabwire.

Kadi hiyo ipo. Mwaka huu nilipita pale, nikamkuta binti anaziingiza kadi kwenye kompyuta. Alikuwa amefika kwenye hiyo, anainakili yote bila kuruka neno. Nikamwambia, huyo Nabwire ni mimi. Akanipisha kiti, akaniletea kijitabu. Pale kwa wa tatu bado ni peupe.

Kwa hiyo wewe unayeshika vitu vya watu waliotangulia, nakuambia waziwazi. Usifute kabla hujauliza ni cha nani. Usiite uchafu kitu ambacho hujakisoma. Na ukiharibu, andika jina lako hapo hapo ulipoharibu, kabla hujaanza kutafutwa.

Mungu akupe jicho la kutulia juu ya kitu kidogo. Akupe mkono mwepesi wa kugusa na mzito wa kuandika. Na yule wa tatu, ambaye sitamjua, Mungu anamjua kwa jina. Amlinde, na akulinde wewe.