Ng'ombe Waliposhindilia Lango la Segese

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya barabara, miaka ya arobaini ikielekea ukingoni, nilipewa chepe na kupelekwa Segese chini ya Mnyapara Nkwabi, mtu mfupi mwenye macho makali. Kabla ya kunionyesha pa kuchimba, alimwaga maji ya kibuyu mtaroni ili nione yanakoelekea. "Maji hayabishiwi," alisema. "Yafuate kwanza, ndipo ulaze bomba."

Kalavati letu lilikuwa bomba la bati la mikunjo, lililolazwa chini ya njia ya kuingilia kaya ili maji ya mtaro yapite bila kuikata. Kichwa chake kilikaa juu kidogo, mkia chini. Likilala kama kitanda, linajaa tope. Likiinama mno, maji yanachimba pale yanapotokea.

Mtaro mpya ulikuwa umekata lango la Mama Masanja, mjane. Misimu miwili tuta lake la kuvukia lilizolewa, maji yakafurika barabarani. Bwana Barabara, Mzungu aliyekuwa msimamizi wetu, akatoa neno la mwisho: likizolewa tena, lango lifungwe, kaya itokee upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na zizi, na zizini alizikwa mume wa mama huyo, kama desturi ya Wasukuma kwa mwenye kaya. Nani angepitisha mkokoteni juu ya kaburi lile?

Udongo wa pale ni mweusi wa mbuga. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Nkwabi aliukataa, akatutuma kilimani kuchimba moramu, udongo wa changarawe usiovimba. Kando ya bomba na juu yake tulishindilia kwa mikono. Lakini tuta lilikuwa refu, mawingu yameshatanda, na roli, mashine ya gurudumu la chuma la kushindilia, iko mbali, barabara kuu.

"Mayu, mvua itatuwahi," Nkwabi alimwambia mjane, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mnajichosha bure. Watakaopita hapo ni ng'ombe. Waacheni wajitengenezee."

"Wakivunja bomba?"

"Si ulisema umelifunika vizuri? Au ulikuwa unajisifu, baba?"

Vibarua walicheka. Nkwabi naye akacheka, kisha akapima kwa mkono unene wa udongo juu ya bomba, akaongeza tabaka jingine, ndipo akawaita wachungaji wa ng'ombe wa mjane. Kila tulipomwaga moramu na kuinyunyizia maji, kundi zima lilipitishwa, likarudishwa. Zile kwato zilibana udongo kuliko shindilio letu la mti.

Mvua ilishuka wiki ileile. Bwana Barabara alifika kwa miguu, gari lake limenasa nyuma. Akainama kutazama maji yakitoka mkiani mwa bomba, akapanda tutani, akalipiga kwa kisigino.

"Roli ilifika lini?"

"Haikufika, Bwana," Nkwabi akajibu, akionyesha zizini. "Walifika wale."

Bwana Barabara aliwatazama ng'ombe, akalipiga tuta kisigino mara nyingine. "Lango libaki," akasema.

Baadaye nilihamishiwa Geita, kwenye njia za kuelekea machimboni, chini ya mafundi wenye vyeti na vipimo vizuri. Nilijifunza mengi kwao. Hata hivyo, kila nilipokuta udongo mweusi, niliuliza kwanza ni kaya ipi yenye ng'ombe.

Kalavati likiwa zima, hakuna anayejua kwamba lipo. Baada ya kustaafu nilipita Segese, nikawakuta wajukuu wa Mama Masanja wakitoa mifugo langoni, wakitaniana. Waliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikawapisha wapite.