Siku Holden ya Kina Trembath Ilipokwenda Port Victoria

Delma Trembath aliendesha basi la shule hapa Moonta miaka thelathini na mmoja, na hata siku moja basi lake halikuvutwa kwa kamba. Nusu ya watu wazima wa mji huu aliwabeba wakiwa na makamasi, na wengine wakimwona mpaka leo hukaa sawasawa vitini. Sasa fikiria aibu yake, mwanamke wa miaka sitini na saba, kuvutwa mara tatu mwaka huu ndani ya Holden, gari la marehemu baba yake, huku watoto wake wa basi wakimpungia mikono barabarani na kucheka.

Holden yenyewe ni ya mwaka 1953, rangi ya krimu. Baba aliwaachia wawili, Delma na mdogo wake Lance, nao kazi wakagawana bila hata kukaa kikao. Delma aliendesha na kutengeneza. Lance alisugua. Na huyo Lance kwa kusugua, mwacheni tu. Kila Jumapili alikuwa na nta yake na kitambaa chake, hata skrubu za kibao cha namba zilikuwa zinawaka jua likipiga. Kombe la gari linalong'aa kuliko yote la klabu ya magari ya zamani amelichukua miaka minne mfululizo.

Lakini injini ndiyo iliyowatia adabu. Ilikuwa inawaka vizuri, inatembea kilomita ishirini, kisha inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, inazimika. Na hapa kwetu gari likizimika, kila mwenye spana ana jibu. Mervyn Pascoe, fundi mkuu wa klabu, ambaye huzungumza na boneti zaidi kuliko anavyozungumza na mkewe, alisema ni kabureta. Ikafunguliwa palepale kando ya njia, ikaoshwa, gari likawaka, watu wakampigia makofi. Baada ya kilomita ishirini, kwishnei, na bila hata kujaribu kuliwasha tena likafungwa kamba. Mwingine akasema koili ya kuwashia injini. Ikabadilishwa, makofi tena, kilomita ishirini tena. Zikabadilishwa plagi, ikabadilishwa pampu ya mafuta, mpaka nyaya. Mwisho Mervyn akatoa hukumu.

"Injini imekwisha, Delma. Ni uzee tu. Hata sisi tunaelekea hukohuko."

Lance naye akachoka. Akatafuta mnunuzi, akampata Bwana Whitford wa Adelaide, mwenye banda lenye magari arobaini ambayo hayaoni barabara.

"Dada, tumechekwa vya kutosha," akamwambia Delma mezani. "Jumapili klabu inakwenda Port Victoria, kule pwani. Whitford atakuwepo. Gari likifika kwa nguvu zake, sitafungua mdomo tena. Likifika kwa kamba, tunamuuzia palepale na wewe unatia sahihi."

"Nitatia," Delma akajibu, akaendelea kumenya viazi.

Ulimi ulikubali, moyo ulikataa. Ndani ya gari hilo baba yake alimfundisha kuendesha akiwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya shamba la shayiri, wakati wajomba wamesimama kwenye uzio wakisema usukani si kazi ya msichana. Baba alishusha kioo akawaambia wasogee wasije wakagongwa. Delma hakuwa na kumbukumbu nyingine ya baba aliyoipenda kama hiyo, na kuiona ikifungiwa kwenye banda la mtu ilimuuma kama msiba.

Jumapili ikafika. Magari kumi na tano yalitoka Moonta, Holden ikiwa ya mwisho, Delma kwenye usukani na Lance pembeni yake, na nyuma yao Mervyn na lori lake dogo na kamba juu ya kiti, makusudi kabisa. Kabla ya kufika mji wa Maitland, kilomita zilezile ishirini, injini ikakohoa. Delma akakanyaga mafuta, wapi. Gari likasogea pembeni kwenye majani makavu likazimika.

Mervyn akashuka bila haraka. "Nianze na kabureta?"

"Usiguse kitu, Mervyn."

"Basi nilete kamba."

Delma akashuka, akafunga mlango. Alikuwa anajizuia asilie mbele ya mwanamume yule. Lance, kwa mazoea tu, akachukua kijiti cha kupimia mafuta. Geji ya mafuta ilikufa zamani, na kila waliposimama jambo la kwanza lilikuwa kufungua tangi na kuchovya kijiti. Mkono wake ulikuwa umeshagusa kifuniko.

"Lance, acha hapohapo."

"Nini tena?"

"Siku ya kabureta, kabla ya Mervyn kufungua boneti, tulifanya nini?"

"Tulipima mafuta."

"Na siku ya koili?"

"Tulipima mafuta, dada, sisi kila siku tunapima."

Delma akamsogeza, akainamisha sikio lake karibu na tangi, akazungusha kifuniko polepole. Fyuuu. Tangi likavuta hewa, likavuta kwa muda mrefu, kama mtu aliyetolewa majini. Akakigeuza kifuniko. Katikati pana tundu dogo la kupitisha hewa, na tundu limejaa kitu cheupe, kikavu, kigumu. Nta.

"Kopo la maziwa unalitoboa matundu mangapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Mawili."

"Kwa nini mawili?"

"Moja maziwa yatoke, na la pili hewa i..." Lance akakitazama kile kifuniko. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Miaka minne wanakupa kombe kwa kuliziba pua gari la baba."

"Haiwezekani," akasema Mervyn. "Mimi nilisafisha kabureta na gari likawaka."

"Liliwaka kwa sababu tulikuwa tumeshafungua kifuniko, Mervyn. Ungeliimbia wimbo lingewaka vilevile."

Delma akachomoa beji ya klabu kifuani, akachokonoa tundu kwa pini yake, akapuliza mpaka hewa ikapita. Kifuniko kikarudi mahali pake. Injini ikashika mara ya kwanza.

"Kilomita ishirini zinakusubiri mbele," Mervyn akamkumbusha.

Zilikuwa zinamsubiri kweli. Walipita Maitland, Lance akihesabu kilomita kwenye dashibodi, Delma akisikiliza injini. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini. Injini ikanguruma tu. Ishirini na moja, mlima mdogo, Delma akakanyaga, na Holden ikaupanda kama iliyotoka kiwandani jana. Hapo ndipo alipocheka, machozi yakimtoka, akapiga honi na kuyapita magari matano ya wenzake, moja baada ya jingine, na wote wakatoa vichwa madirishani kuhakikisha kama ni yeye.

Bwana Whitford aliwakuta karibu na gati, watu wakila pasti, zile kama sambusa kubwa za nyama na viazi. Akalizunguka gari, akapitisha kidole kwenye rangi, akaridhika. Akampa Lance kalamu.

"Basi, Bwana Trembath, tumalize?"

Lance aliitazama kalamu, hakuipokea.

"Muulize dada," akasema. "Gari ni lake. Mimi huwa nalifuta vumbi tu."

Whitford akamgeukia Delma. Mdomo wa Delma ulikuwa umejaa pasti, kwa hiyo akatikisa kichwa tu kukataa.