Wimbo wa Kufika Altareni

Siku tulipomzika baba, kwaya yetu ya parokia iliimba kwa kasi mpaka wimbo ukaisha jeneza likiwa bado katikati ya kanisa. Waliolibeba wakamalizia njia kimya, viatu vikilia sakafuni. Misa ya kumkumbuka baada ya mwaka ilipokaribia, mama aliniita mimi, mwimba tenori.

"Safari hii matoleo nitayapeleka mwenyewe. Na hii goti yangu munaijua. Wimbo uningoje."

Kungoja! Kwaya yetu huanza kama wazee na kumaliza kama watu wanaoachwa na boti ya Kigoma. Mwalimu wetu hupiga meza, hutisha, huomba. Ubeti wa tatu hauna breki.

Nikawapelekea simu yangu. Siku hizo, kila asubuhi kabla ya kazi, nilitazama na kusikiliza muziki unaopigwa Seoul katika hekalu la wafalme wa kale wa Korea, na nilikuwa nimeupenda bila aibu. Kengele za shaba na mawe yaliyotundikwa safu safu; zumari zinazovuta sauti moja mpaka itetemeke kama mwanga juu ya ziwa; wachezaji wenye mavazi mekundu wakiinama pamoja; na simbamarara wa mbao anayekwaruzwa mgongo ili muziki ukome.

Mwimba besi mmoja alivumilia kidogo tu.

"Ndugu, hawa wanangoja nani?"

"Wafalme wao waliokufa. Wanawapa chakula na pombe."

"Sasa hiyo pombe itafika lini?"

Walipomaliza kucheka nikaeleza: kuna muziki wa kupokea roho, wa kutoa pombe, wa kuondoa vyombo, wa kuaga. Kila mmoja unaifuata kazi yake, hauitangulii.

Mwalimu akasema, "Rudisha nyuma." Tukasikiliza tena. Halafu akaenda mlangoni, akaanza kuja mbele akichechemea kama mama yangu. Waimba alto walitoa machozi kwa kicheko.

"Musitazame mukono yangu! Mutazame miguu! Muimbe miguu!"

Siku ya misa, mama alisimama mlangoni na kikapu cha samaki wabichi, migebuka kutoka ziwani. Akaanza. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Mpiga ngoma alijiuma midomo ili asikimbie. Ubeti wa tatu ukaja, tukaushika kama mtu anavyobeba sufuria ya moto, na haukumwagika. Mama akafika, padri akapokea kikapu, na sisi bado tunaimba, tumenogewa, hatutaki kuacha.

Mama akageuka.

"Watoto wangu, asanti sana. Lakini mumalize sasa, samaki itaoza!"

Kanisa zima likacheka, padri akiwa wa kwanza. Mpiga ngoma hakungoja ishara ya mtu, akaichangamsha ngoma, na mama akarudi mahali pake akicheza, taratibu, watu wakisogeza mabenchi ili apite.