Siagi kwenye Boksi la Hesh Lubarsky

Mimi Arnie Gelfand sijawahi kutulia kitini, mke wangu Rochelle atakwambia. Lakini jioni ile ya Juni, mwaka wa korona, nilikuwa na haki ya kuhangaika. Karamu ya chama cha wanaume wa sinagogi letu ilikuwa ifanyike kwenye kompyuta, kila mtu kwake na boksi lake la chakula. Na Mtu wa Mwaka alikuwa Hesh Lubarsky.

Huyu Hesh si mtu wa mchezo. Ana miaka themanini na tisa. Maisha yake yote alitengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto hapa Cleveland, na Jumapili zake akazitoa kwa jiko la sinagogi. Miaka arobaini! Kwetu nyama na maziwa havikutani, iwe sufuriani au mezani, na Hesh ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni pa jiko na vibandiko vyake, vyekundu vya nyama, vya buluu vya maziwa. Alipokuwa mwanajeshi Korea alikula viazi na matunda ya kopo miezi minane, hakugusa nyama asiyojua ilichinjwaje. Kila mwaka tulipotaka kumheshimu alikataa. "Nikikaa na nyie mezani, sufuria atalinda nani?" Mwaka huu jiko limefungwa, hakuwa na pa kujificha.

Chakula nikakifunga mimi, niliyefunzwa kazi ya jiko na Hesh mwenyewe, kwenye gereji yangu. Maboksi thelathini na nane: nyama ya kidari, viazi, karoti za asali, na vibiskuti vya jamu. Asubuhi tukayapeleka kama tulivyokuwa tukifanya tangu Machi. Unaweka mlangoni, unagonga, unakimbia.

Saa kumi na moja jioni Rochelle akauma kibiskuti, akaacha kutafuna.

"Arnie, hivi umevitoa wapi?"

"Dukani. Kwani wapi?"

"Vina siagi."

"Acha utani, mama."

"Haya, onja mwenyewe, mtaalamu."

Nikaonja. Siagi tupu! Duka lile lina rafu mbili, nami kwa papara zangu nilizoa kwenye rafu ya buluu, ile ya vitu vya maziwa, nikaja kuvipanga kando ya nyama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikawaandikia wote: msile vibiskuti, kosa ni langu. Majibu yakamiminika. Sid Ostrow akaandika, "Nimeshakula vyote vinne. Sasa nijisalimishe polisi?" Mwingine akaandika, "Na huyu ndiye mwanafunzi wa Hesh!" Wacheke tu, hao sikuwa na shida nao. Hesh ndiye hakujibu. Nikampigia mara tano, simu inaita tu. Na kwa sababu ya dawa zake, Hesh hula saa kumi na moja na nusu kamili. Miaka themanini na tisa hajateleza hata mara moja, halafu leo, siku ya heshima yake, nimlishe haramu mimi!

"Unakwenda wapi? Karamu inaanza!" Rochelle akapaza sauti.

"Anza wewe!"

Nilikuwa nimeshawasha gari. Kila taa ilikuwa nyekundu, nikazitukana zote. Kwa Hesh sikugonga mlango, nilizunguka moja kwa moja hadi dirisha la jikoni, nikakikwaa kiti cha bustani kilichokaa hapohapo chini ya dirisha, kikaanguka, nami nusura nianguke nacho. Nani anaweka kiti mahali kama hapa? Nikagonga kioo kwa ngumi zote mbili.

Hesh alikuwa mezani amevaa suti, kompyuta mbele yake. Nyama alikuwa ameshaimaliza.

"Usile! Mzee, usile vibiskuti!"

Akanyanyuka polepole, akafungua dirisha kidogo.

"Vaa barakoa yako vizuri, kijana." Mimi nina miaka sitini na moja. "Unapiga kelele za nini?"

"Vibiskuti! Vina..."

"Siagi. Ninajua. Nilifungua boksi mchana, nikanusa, nikadhani ni langu tu lililokosewa." Akanionyesha sahani juu ya friji. Vyote vinne vilikuwepo, na kibandiko cha buluu juu yake.

Nikamshukuru Mungu. Halafu hasira zikanipanda. "Mchana? Na simu yangu umeiacha inaita? Nimekaribia kufa njiani!"

"Nimeisikia. Mara tano."

"Sasa mbona hukupokea?"

Akatazama kompyuta, wenzetu wamejaa kwenye vijisanduku vyao wakipungiana mikono. Kisha akanitazama mimi.

"Ningepokea, ungeniambia, samahani mzee, vitupe. Tungeishia hapo. Tangu Machi nagongewa mlango, nikifika naona mgongo wa mtu anakimbilia gari. Hata wewe, Arnie. Leo asubuhi nilikuona mgongo."

Bluma, mkewe, alifariki mwaka juzi, na mimi kila wiki nilikuwa nikijisifu kwamba mzee wetu hajakosa chakula.

"Kwenye kompyuta ile wanataka nihutubie," akasema. "Nitahutubia. Ila sitaki kukaa mwenyewe. Nilijua ukigundua utakuja mbio, nakufahamu. Kiti hicho ulichokipiga teke, nimekutolea tangu mchana. Nimekifuta. Kiinue, ukae."

Nikakiinua, nikakaa. Sikuondoka mpaka karamu ilipokwisha.